Kitabu cha Wakusanya Kuni
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya elimu. Kwa ruhusa yenu, nitaeleza habari za kitabu kilichotungwa na wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika.

Kusini mwa Mexico, katika jimbo la Chiapas, wanaishi Watzotzil, mojawapo ya mataifa ya Wamaya. Wamaya wa kale walikuwa na vitabu vya magome ya mti yaliyopakwa chokaa, vyenye maandishi na picha za rangi. Mwaka 1562, huko Maní, Yucatán, padre Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto. Vinavyojulikana kusalia duniani ni vinne tu, na vitatu kati yake viko Ulaya.

Lakini maneno hayakuungua. Yalibaki vinywani mwa akina mama: dua za uponyaji, nyimbo za mapenzi, bembelezi za watoto. Mwaka 1975 mshairi Ámbar Past, mzaliwa wa Marekani, alianzisha mjini San Cristóbal de las Casas karakana ya uchapaji iitwayo Taller Leñateros, yaani Karakana ya Wakusanya Kuni. Kazi ya kukusanya maneno ya akina mama wa Kitzotzil ilichukua zaidi ya miaka 20. Kitabu kilitoka kwa Kihispania mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa Kiingereza mwaka 2005. Karatasi za karakana hiyo hutengenezwa hapo hapo kwa nyuzi za mimea na karatasi kuukuu zilizolowekwa na kupondwa. Picha zilichorwa na Wamaya wenyewe, zikachapwa kwa mkono.

Ndugu zangu, sisi watumishi wa serikali tunamjua mama asiyejua kuandika. Akija ofisini tunamsogezea kidau cha wino, anatia dole gumba, jalada linafungwa. Hatumwulizi analo neno gani zaidi. Katika kitabu hiki, mama wa namna hiyo ndiye mtunzi, na jina lake limechapwa.

Vijana, bibi zenu wapo, lakini hawatakuwapo siku zote. Mkienda likizo, kaeni nao, andikeni wasemayo kwa lugha wanayoisemea, na jina la msemaji lisikosekane. Mkirudi, chongeni picha kwenye vipande vya mbao, pakeni wino, kandamizeni juu ya karatasi. Mashine si lazima.

Nasi wanachama, naomba mkutano huu ukubali kuchangia karatasi, wino na patasi. Mimi natoa mchango wa kwanza leo hii, kabla ya chakula.