Kumlisha Mtoto Mgonjwa

(Hotuba kwa wanachama wa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha)



Bonde letu hili ni ghala la Kenya. Viazi vyatoka Molo, ngano yatoka Njoro, maziwa yatoka kila upande. Walakini katika laini za mashamba wako watoto wanaoingia hospitali kwa kukosa chakula kifaacho. Leo twataka kueleza jinsi wanavyolishwa huko, maana wazazi wengi huogopa yasiyofaa kuogopwa, na kwa upendo hufanya mambo yawezayo kuua.

Kwanza, dalili. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 yumo hatarini. Vile vile yule ambaye miguu yote miwili imevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, hata akionekana mnene. Ugonjwa huo wa kuvimba ndio kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Jina ni la watu wa huko, nalo lahusu mtoto aliyeachishwa titi kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Mtoto huyo akifika wodini haanzi kwa ugali wala nyama. Hupewa maziwa maalum yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika mililita 100, kila saa 3, mchana na usiku. Mtoto aliyekonda wa kilo 6 hupata yapata mililita 100 kwa mara moja, nusu kikombe tu. Wazazi husema hospitali inamnyima. Sivyo. Mwili uliokaa na njaa umepunguza kazi zake. Moyo, ini na figo vimelegea. Chakula kingi cha ghafula huvuruga chumvi za damu, na moyo huweza kusimama. Mwaka 1945 wafungwa waliokombolewa katika kambi za Wajerumani walipewa chakula kizito kwa huruma, na wako waliokufa kwa huruma hiyo. Basi usimfichie mtoto ugali chini ya blanketi.

Asiyeweza kunywa hupitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni. Wengi wakiuona hulia kana kwamba mambo yamekwisha. Mpira huo si alama ya kifo. Hutolewa mara mtoto anapoweza kunywa mwenyewe. Lakini mzazi asitie kitu ndani yake: mwuguzi lazima ahakikishe kwanza kuwa ncha iko tumboni, wala haiko mapafuni. Anayeweza kunywa, mkalishe, mnyweshe kwa kikombe, si kwa chupa. Usimzibe pua. Na anayenyonya aendelee kunyonya.

Hamu ikirudi na uvimbe ukipungua, hupewa chakula chenye nguvu zaidi, kama ule uji mzito wa njugu na maziwa ulio katika pakiti. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Hiyo ni dawa ya mgonjwa mmoja. Isigawiwe ndugu zake. Ampatie na maji safi ya kunywa.

Sasa hesabuni. Kila saa 3 ni mara 8 kwa siku. Nani hushika kikombe saa nane ya usiku? Mara nyingi ni mama. Naye ni mchuma maua au kibarua wa shamba. Siku asiyofika kazini huogopa kukosa mshahara, hata kukosa kazi. Kwa hiyo huomba kutoka mapema, na mtoto aliyetolewa kabla ya wakati hurudi amezidiwa, au harudi kabisa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa ruhusa mfanyakazi anayeugua yeye mwenyewe. Siku za kumwuguza mtoto yatupasa kuzidai katika mkataba wetu. Twaomba kila tawi lilete madai mawili: siku zenye malipo kwa mzazi ambaye mtoto wake amelazwa, na ahadi ya maandishi kuwa nafasi yake haitapewa mwingine. Tena tuulize mahali pa kunyonyeshea kazini pako wapi, maana Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri apaweke.

Wasomeeni karatasi hii wale wasioweza kuja mkutanoni, na hasa wale walioko wodini.