Talanta Mbili na Mavazi Mawili
Mazungumzo ya mwenyekiti wa zamani wa kwaya katika sherehe ya jubilei ya miaka 25

Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya tamaa na kuridhika. Nilipoambiwa mada hii nilimuuliza mwenyekiti wa sasa kama hakuna mwingine wa kuifaa. Akacheka tu. Wakati ule yeye alikuwa kijana wa kupiga ngoma, kwa hivyo anajua kwa nini nimepewa mimi.

Tukitaja tamaa, wengi wetu huwatazama wanasiasa. Leo tuwaache wapumzike. Twende kwenye Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, amejichovya mara saba katika mto Yordani na ukoma umemtoka. Alikuwa amekuja na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10 ya kubadili. Nabii Elisha akakataa kupokea hata kimoja. Lakini Gehazi, mtumishi wake, alikuwa pembeni akipiga hesabu. Akamkimbilia mgeni na kumwambia kwamba bwana wake ametembelewa na vijana wawili wa wana wa manabii, anawaombea talanta moja na mavazi mawili. Naamani akampa talanta mbili. Talanta moja ina uzito wa zaidi ya kilo 30, ndiyo maana ilibidi watumishi wawili wambebee.

Angalieni anavyoomba. Hasemi kwamba ni zake. Anataja nabii, anataja wageni, anataja mahitaji ya huduma. Sisi watu wa kanisani tamaa hutujia hivyo, imevaa sare.

Mimi ilinijia hivi. Tulikuwa tunachanga pesa za kurekodi kanda yetu ya kwanza, na kila Alhamisi baada ya mazoezi nilikuwa nikiwasomea deni la studio. Ndipo familia moja ikatualika kuimba kwenye harusi Jumamosi: shilingi 20,000, gari la kutubeba na chakula. Jumatano usiku mwenzetu mmoja wa sauti ya nne akafiwa na mama yake. Mazishi, Jumamosi hiyo hiyo, nyumbani kwao, mwendo wa saa tatu kwa matatu na kisha kutembea. Yeye alikuwa akiuza mboga sokoni. Hakuna aliyetarajia bahasha kule.

Niliitisha kikao cha dakika chache. Nikasema ni kwa ajili ya uinjilisti, kwamba kanda itawafikia wengi kuliko mazishi moja. Maneno mazuri sana. Tukatuma watu wanne msibani. Ngoma na kayamba zikaenda harusini.

Pesa tulilipwa zote, sitawadanganya. Kanda ikatoka. Kisha tukagombana juu ya nani auze, nani awekewe picha mbele, nani alikula ya mauzo. Watu sita waliondoka kwenye kwaya mwaka ule, na masanduku mawili ya kanda yakabaki chini ya kitanda changu mpaka panya wakayakuta. Siku hizi hata nikijaribu sikumbuki tuliimba nini harusini.

Alhamisi baada ya mazishi, yule ndugu alikuja mazoezini. Alikaa mahali pake. Mweka hazina alipopitisha daftari la sare, akatoa 200 yake kama kawaida. Hakuniuliza kitu, nami nikajifanya nina shughuli na karatasi za nota.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi katika sura ya 4, anasema kuridhika ni jambo alilojifunza. Hilo hunipa moyo, kwa sababu hata sauti ya tatu hujifunzwa, tena kwa kurudiarudia. Na alikuwa kifungoni alipoandika. Wengine hudhani kuridhika ni kukataa kila kitu, kwamba kwaya takatifu ni ile isiyo na kinanda. Lakini barua hiyo hiyo inawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Alipokea, akashukuru, na kama haungefika bado angemwimbia Mungu. Kwa hivyo mchango wa kinanda leo uendelee, nami nimekuja na wangu. Ninachoomba ni mweka hazina asome hesabu zote hapa mbele kabla hatujaenda kula, na jioni ile ahadi yetu ya msiba wa mwanakwaya kutangulia mwaliko wowote iandikwe kwenye katiba. Kwa miaka mingi tumeishika kwa mdomo tu.

Ilinichukua miaka saba kumwomba yule ndugu msamaha. Nilimkuta sokoni akifunga sukuma wiki. Nikaeleza yote, harusi, pesa, kikao. Akanyamaza kidogo, akasema, “Mwenyekiti, wale wanne waliimba vizuri. Mama angewapenda.” Kisha akanifungia mboga na kukataa kulipwa.

Bado anaimba sauti ya nne. Mtamsikia kwenye wimbo wa matoleo.