Tuwaenzi Waigizaji Wetu kwa Haki, Si kwa Machozi Peke Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Kamati ya tawi imetutaka tuseme maneno machache juu ya waigizaji na waimbaji wetu wapenzi waliotangulia mbele ya haki. Twashukuru kupewa nafasi hii. Hapana shaka wako watakaouliza: Chama cha siasa kina kazi gani na waimbaji na wachekeshaji? Twawajibu kwa jina moja tu, Bibi Titi Mohamed.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi alishika uongozi wa wanawake wa chama hicho. Hakuja na vyeti vya shule kubwa. Alikuja na sauti yake, kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa ngoma ya bomba, anayejulikana katika mitaa ya Dar es Salaam. Aliwaendea kina mama wa vikundi vya ngoma, akasema nao kwa lugha waliyoizoea, nao wakachukua kadi kwa wingi. Sauti ya ngomani ndiyo iliyosimama mikutanoni kudai Uhuru. Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000. Basi asituambie mtu kwamba jukwaa la ngoma na jukwaa la siasa hayajuani.

Tuanze na mkubwa wao, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini, na katika ujana wake alichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza. Lakini mwaka 1928 alifika Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, na nyimbo za Kiswahili zikasikika nyumba kwa nyumba pwani yote. Wala hakuimba mapenzi tu. Aliimba pia habari za wanyonge walioonewa na za hukumu zilizopotoka, katika siku ambazo kuyasema hayo hadharani kulihitaji moyo. Alifariki mwaka 1950. Leo twamjua kwa nini? Twamjua kwa kuwa Shaaban Robert alishika kalamu akaandika wasifu wake. Aliyeandikwa hasahauliki upesi.

Sasa tuje karibu, kwa wale tuliowaona kwa macho yetu. Steven Kanumba alizaliwa mwaka 1984 Shinyanga. Alianza kujulikana katika kundi la Kaole, lililoonyesha michezo yake katika televisheni, kisha akawa mwigizaji mkubwa wa sinema na akashirikiana na waigizaji wa Nigeria. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 alifariki Dar es Salaam, naye ana miaka 28 tu. Siku ya mazishi yake umati ulifurika Viwanja vya Leaders hata watu wakazimia. Wengi waliolia siku ile hawakupata kumpa mkono hata mara moja. Walimlilia kama ndugu yao kwa sababu aliingia nyumbani mwao kila jioni akisema Kiswahili chao.

Na Mzee Majuto je? Jina lake Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kuanza kuigiza angali mtoto. Huyu alikuwa akitokea tu, kabla hajafungua kinywa, watu wameshacheka. Alichekesha babu, akachekesha baba, akachekesha na mjukuu. Mwaka 2018 aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki katika hospitali ya Muhimbili. Mwaka ule ule Waziri mwenye dhamana ya sanaa aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya mzee huyu ilikuwa miongoni mwa iliyotazamwa. Ndugu zetu, litieni maanani jambo hili. Sura ambayo nchi nzima iliijua, na ambayo iliuza bidhaa za watu wengine, ilibidi itafutiwe haki yake mwenyewe naye yu kitandani.

Majirani zetu wa Kenya wanayo habari iliyo sawa na hiyo. Benson Wanjau, ambaye sote tulimwita Mzee Ojwang, aliigiza miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi. Yeye alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi aliyoitumia ilikuwa ya Mjaluo, na alivyoiweza, wengi waliamini kuwa ni Mjaluo wa kuzaliwa. Katika nchi ambayo wanasiasa wameyagombanisha makabila hayo mara nyingi, mzee mmoja mwenye miwani aliyaketisha pamoja yakacheka. Lakini macho yake yalipoharibika, wananchi ilibidi wachangishane ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Viongozi wakatuma salamu za rambirambi, nazo zilikuwa nzuri.

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Sisi ni hodari wa mazishi. Tunajua kukodi mabasi, kukusanya michango, kushona sare na kutoa hotuba. Lakini aliye hai tunamwacha peke yake mbele ya karatasi ya mkataba.

Tueleze kazi hiyo inavyokwenda, maana si wote wanaoijua. Mwigizaji huitwa, hupewa fedha za mara moja, hutia sahihi, na shughuli yake imekwisha. Sinema huuzwa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa kumi, yeye hapati tena hata senti. Mara nyingi hata aliyeitengeneza sinema hiyo huiuza jumla pamoja na haki zake zote kwa msambazaji, kwa kuwa ana madeni na hawezi kungoja. Nasi watazamaji tunakuja mwisho na kununua nakala za wizi kwa bei ya chini, kisha tunasema twampenda sana msanii wetu. Huo ni upendo gani?

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, nayo inawatambua wanaoigiza na wanaoimba kuwa wana haki katika kazi zao. Lakini sheria haimfuati mtu nyumbani kwake usiku akitia sahihi kwa njaa. Mkulima wa kahawa alijua zamani kwamba akiuza peke yake ataibiwa kwenye mizani, ndipo akaunda chama cha ushirika. Mwigizaji naye ni mfanya kazi, na dawa yake ni ile ile.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaomba tawi hili likubali mambo matatu. Kwanza, katika kila mtaa tuandike majina ya waigizaji, waimbaji na wacheza ngoma wetu wazee walio hai, tuwatembelee, na habari za maisha yao tuziandike wangali wanazikumbuka. Pili, wanachama wetu wenye elimu ya sheria na ualimu wajitolee kuwasomea vijana mikataba kabla hawajatia sahihi, si baadaye. Tatu, kila mmoja wetu aahidi leo kwamba hatanunua tena nakala ya wizi. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji moyo.

Hatusemi watu wasilie. Waliokufa walitustahilia machozi yetu, kwa kuwa walitupa furaha siku ambazo nyumbani hapakuwa na kitu kingine. Lakini ye yote aliyesimama katika makaburi ya Kinondoni siku ile ya Kanumba, na ajiulize kama yuko mwigizaji wa mtaani kwake ambaye bado yu hai, na kama amekwisha kumbishia hodi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape nguvu walio hai wanaoishika kazi yao.