Nyumba za Old Kampala na Akiba ya Askari



Askari anapoingia kazini hupewa mahali pa kulala. Nyumba ya kambini ni mali ya serikali, na siku ya kustaafu huirudisha pamoja na sare na silaha. Ndiyo sababu kiinua mgongo, ambacho kwa askari wengi ni fungu kubwa la fedha kuliko yote watakayoshika kwa mara moja maishani, aghalabu hutumika kutafuta nyumba. Fedha hizo zikipotea, hakuna mshahara mwingine wa kuzirudisha. Kwa hiyo yafaa kuutazama mtaa mmoja mdogo wa Kampala, wenye historia ndefu, ambamo watu wengi wamejifunza kwa gharama kubwa maana ya kumiliki nyumba.

Mtaa huo ni Old Kampala. Mwezi wa Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alipiga kambi juu ya kilima hicho akajenga ngome. Walioilinda ni askari Wasudani, na waliobeba mizigo ni wapagazi kutoka pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa kikoloni walihamia kilima cha Nakasero, na Old Kampala ikabaki kuwa makao ya wafanyabiashara, hasa wenye asili ya Kiasia. Hao ndio waliojenga nyumba za matofali zenye baraza mbele, ua nyuma na duka chini, na baadhi yake zimeandikwa mwaka wa kujengwa juu ya paji la ukuta. Pale palipokuwa na ngome sasa umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, wakapewa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walikwenda wakiacha nyumba, maduka na viwanda. Mwaka 1973 ilitolewa amri ya kuziweka mali hizo chini ya bodi maalumu, na nyumba zikagawiwa. Wengi waliopewa walikuwa askari na maofisa wa serikali. Mtu aliyepewa ufunguo aliamini kwamba amepewa nyumba. Utawala ule ulipoanguka Aprili 1979, wengi wao walikimbia, na watu wengine wakaingia katika nyumba zile zile, nao wakiwa na funguo tu.

Kisha ikaja Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982. Sheria hiyo iliziweka mali zote za namna hiyo mikononi mwa serikali, chini ya Wizara ya Fedha. Ilifuta mauzo, uhamisho na ugawaji uliofanyika baada ya mali kutwaliwa, ikawafungulia wenyewe wa zamani njia ya kuomba kurudishiwa. Nyumba nyingi zilirudishwa katika miaka ya 1990. Mtu aliyekuwa amenunua nyumba kwa fedha zake, akabadili mabati na kulea watoto humo, alijikuta hana nyumba, bali ana madai.

Wala jambo hilo halikwisha. Mwaka 2019 kamati ya Bunge iliyachunguza mambo ya mali hizo, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni habari ya majengo yaliyodaiwa kurudishwa ilhali wenyewe walikwisha kulipwa fidia. Maana yake ni kwamba jengo la Old Kampala laweza kuonekana tulivu barabarani, wapangaji wakilipa kodi kila mwezi, na huku ndani ya majalada likapiganiwa na watu watatu.

Hata hivyo, si haki kusema mtaa huo uepukwe. Uko karibu na soko la Owino na vituo vya mabasi, una shule, kituo cha polisi na barabara za lami. Kuta zake ni nene, na vyumba vyake ni vya juu na vyenye hewa. Mwenye kununua humo kwa utaratibu hupata mahali pa kuishi na duka la kupangisha. Neno kubwa ni utaratibu, na utaratibu si jambo geni kwa askari. Hakuna kamanda anayepeleka kikosi mahali pasipopelelezwa, na hakuna mpelelezi wa polisi anayepeleka kesi mahakamani kwa maneno ya shahidi mmoja. Ajabu ni kwamba watu hao hao hutoa akiba ya miaka 20 kwa maneno ya dalali mmoja.

Jambo la kwanza ni daftari la ardhi. Nakala ya hati anayoionyesha muuzaji haitoshi. Mnunuzi aende katika ofisi ya ardhi, alipe ada ya upekuzi, asome mwenyewe au kwa wakili wake ni jina la nani limeandikwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Kwa nyumba za Old Kampala kuna swali moja zaidi: jina lililokuwamo mwaka 1972 lilibadilika vipi hata kufikia jina la leo? Kama nyumba ilirudishwa, cheti cha Waziri kinachoidhinisha kurudishwa kiwepo. Panapokosekana karatasi moja katika mfuatano huo, fedha zibaki benki.

Jambo la pili ni aina ya umiliki. Katiba ya mwaka 1995 inatambua namna nne: ya kimila, ya milki huru, ya maili na ya kukodi. Nyumba nyingi za mjini ziko juu ya ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu, na mwenye kununua hununua miaka iliyobaki tu. Ikiwa imebaki 7, bei ya miaka 49 ni wizi. Ukivuka bonde kuelekea Mengo unakuta ardhi ya maili, iliyotokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900. Huko huenda hati ikawa ya mtu mmoja na kibanja kikawa cha mwingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda huyo mwenye kibanja. Anayenunua hati hiyo hununua pamoja na watu waliomo.

Jambo la tatu ni watu wenyewe. Sheria inataka mke au mume akubali kabla ardhi ya familia haijauzwa. Majirani na mwenyekiti wa mtaa waulizwe. Wapangaji waulizwe kodi humlipa nani, maana mara nyingi wao wanajua lisiloandikwa.

Jambo la nne ni jengo. Nyumba yenye umri wa miaka 80 ina nyaya za umeme za kale, mabomba yenye kutu na ukuta mmoja unaoshikwa na nyumba mbili. Gharama za kutengeneza zihesabiwe kabla ya bei kukubaliwa. Vile vile majengo ya urithi yana sheria yake, na anayenunua kwa nia ya kubomoa aulize kwanza kwa mamlaka ya jiji.

Askari wa leo ana msaada ambao wenzake wa zamani hawakuwa nao. Kuna chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo kwa wanajeshi na cha Exodus kwa polisi, ambamo mtu aweza kuweka kidogo kidogo angali kazini, asingoje kununua kwa pupa katika mwezi wa kustaafu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliopewa funguo mwaka 1973 walikuwa na bunduki, cheo na serikali nyuma yao, lakini jina lao halikuwa limeandikwa panapostahili.