Kuongeza Si Kubadilisha

Msikilizaji, anayeshuka mlima wa Kitonga kutoka Ilula kuelekea Ruaha Mbuyuni hukanyaga breki kona baada ya kona, na kila akikanyaga, vyuma vya magurudumuni vinazidi kupata moto. Moto huo hauishii kwenye diski na pedi, unapenya hadi kwenye mafuta ya breki. Yakiwa mapya yanastahimili. Yakiwa yamekaa miaka na miaka, yanaweza kuchemka na kutoa mvuke. Kimiminika hakishindiliki, ila mvuke unashindilika. Dereva anakanyaga, nguvu ya mguu inaishia kwenye mvuke, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea kushuka.

Wenye magari tunakumbuka oili ya injini kwa sababu fundi hutuandikia kilomita za kurudi. Mafuta ya breki tunayakumbuka taa ikiwaka. Tunanunua kichupa, tunaongeza, taa inazimika, tunaondoka. Nasema wazi: mazoea hayo ni ya hatari, tena mara mbili. Kwanza, mafuta hayo hayapungui bure. Ama pedi zimelika, ama kuna mahali yanavuja, na ukiongeza bila kukagua umeificha dalili. Pili, kitanki kilichojaa hakikwambii umri wa kilichomo.

Mafuta haya ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani. Unapita polepole kwenye mipira ya breki na kwenye mfuniko wa kitanki, na kwetu sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hewa yenyewe imejaa maji. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi joto 205. Maji yakifika asilimia 3.7 tu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 nayo hutoka 230 hadi 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari halitembei sana.

Kazi hii inawezekana nyumbani, mkiwa wawili. Na mimi napendelea ifanyike nyumbani, kwa sababu wapo mafundi wanaonyonya kitanki peke yake, wanajaza mapya juu, na yale machafu yanabaki kwenye mabomba na magurudumuni, mahali penye moto wenyewe. Nunua lita moja ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kitanki. Chupa iwe haijafunguliwa. Mafuta ya kupimiwa usiyakubali, yameshaanza kunywa unyevu. Na mtu asikudanganye kuweka oili ya injini, inavimbisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo mzima.

Gari likae pa tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, na usitegemee jeki peke yake. Nyonya ya zamani kitankini kwa bomba la sindano safi, jaza mapya. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, kwa kawaida unaanza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu kuu. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye kinati cha kutolea upepo, ncha ya pili iingie kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo. Mwenzako akanyage taratibu, wewe legeza kwa spana ya ringi. Machafu yatatoka, mara nyingi yana rangi ya chai ya rangi. Funga kwanza, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo. Rudieni hadi yatoke safi kama mapya, kisha mfanye hivyo kwenye magurudumu mengine, na kitanki kisikauke hata mara moja.

Kwa gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Ndani ya pampu kuu, sehemu ambayo mipira yake haifiki kila siku huwa imeshika kutu, na ikipitishwa hapo inaweza kuchanika.

Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, la sivyo rangi itabanduka. Ni sumu, machafu yasiachwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuiokota. Na kama gari lako ni haibridi, usijaribu. Breki za mengi ya magari hayo zinahitaji mashine ya fundi.

Mkimaliza, washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga breki na ushikilie. Pedali ikiwa ngumu, jaribu mwendo wa taratibu uani kwanza. Ikizama au ikiwa laini, zima, na mwite fundi aje lilipo gari; usilipeleke kwake ukiliendesha.