Darasa la Mahitaji Lihamie Kikuubo

Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Uganda, uliokuwa wa lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tangu Januari 2021. Wengi walisema hawakuelimishwa vya kutosha kuutumia. Suala la kodi ni pana. Mimi nauelekea mlango wa chuo kikuu, wanakofunzwa waandishi wa programu kama hiyo.

Chuo Kikuu cha Makerere hutoa shahada ya uhandisi wa programu, na moyo wa taaluma hiyo ni uhandisi wa mahitaji: kujua mtumiaji anafanyaje kazi kabla ya kuandika programu yoyote. Hilo halifundishiki kwa slaidi. Mwanafunzi anayekabidhiwa mahitaji yaliyokwishaandikwa na mhadhiri anajifunza kunakili tu. Apelekwe Kikuubo, eneo la biashara jijini Kampala, amwone muuzaji akipatana bei na wateja watatu kwa pamoja, umeme ukikatika, na aione shehena iliyonunuliwa bila risiti. Mwenye duka anataka wepesi, mtoza kodi anataka kumbukumbu kamili. Kuwapatanisha hao ndio uhandisi wenyewe.

Wahadhiri wa Kampala, nawaomba: alama nyingi za somo la uhandisi wa mahitaji zitoke sokoni, si kwenye chumba cha mtihani.