Nyumba Moja, Wakuu Wawili

Fungueni kurasa zenu. Mwenye miwani na aivae. Leo tutasoma habari za hospitali ambayo ni shule pia, na nani mkubwa ndani yake.

Mfikirie mama mmoja wa Mandewa. Tumbo linamsumbua. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wanamwandikia barua aende Muhimbili, Dar es Salaam. Asubuhi anafumbua macho, anaona watu sita kando ya kitanda: daktari bingwa, muuguzi, na vijana wanne wenye madaftari. Mama anashtuka. "Je, nimekuwa mgonjwa kiasi hiki?"

Sivyo, mama. Vijana hao wanajifunza udaktari. Bingwa yule huenda ni mwalimu anayelipwa na Chuo Kikuu. Muuguzi analipwa na hospitali. Kitanda ni cha hospitali, somo ni la chuo, na tumbo ni la mama.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mwalimu angependa mama abaki siku mbili zaidi, wanafunzi wamwone vizuri. Muuguzi anakitaka kitanda, maana mgonjwa mwingine anangoja. Nani aamue? Na mipira ya mikono wanayovaa wanafunzi inunuliwe kwa fedha ya nani? Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini hapa hapana budi wakae, kwa kuwa udaktari haufundishwi ubaoni tu.

Nchi yetu imejaribu njia zaidi ya moja. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, katika hospitali ambayo wazee waliijua kwa jina la Princess Margaret, yaani Muhimbili. Baadaye shule ikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 hospitali na kitivo viliunganishwa, vikaitwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa kuwa chuo kishiriki. Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya kuvitenganisha: hospitali mbali, chuo mbali. Tangu 2007 chuo hicho ni Chuo Kikuu kamili cha afya. Hospitali ina Mkurugenzi wake, chuo kina Makamu Mkuu wake. Ua ni ule ule, wagonjwa ni wale wale.

Wengine husema kuunganisha ni bora, wengine kutenganisha. Mimi naona jina la mlangoni si kitu kikubwa. Kubwa ni wakuu wawili kukutana mara kwa mara, si siku ya ugomvi tu, na kuandika mapatano: bingwa wa chuo atatibu siku zipi, fedha ya vifaa itatoka wapi, na wodini amri ya mwisho juu ya mgonjwa ni ya nani. Lisipoandikwa, kila mmoja atamtazama mwenzake, na mama atangoja.

Jambo hili haliko Dar es Salaam peke yake. Karibu nanyi, kule Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Jadilianeni sasa, kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi tatu: mwanafunzi akitaka kukupima, nani akuombe ruhusa, naye akuombe kwa maneno gani?